Chokaa ya Tove haikutii kura

Saa kumi na mbili asubuhi, Alhamisi, mawingu mazito yametanda juu ya parokia ya Sønderlund, magharibi mwa rasi ya Jutland, na Tove Ravnkilde anafurahi. Jua likiwaka, chokaa hukauka haraka ikabaki unga. Leo haliwaki. Yuko juu ya jukwaa, brashi mkononi, na nusu ya ukuta wa kusini wa kanisa imeshapakwa.

Tove, 63, ndiye mtunzaji wa kanisa hili la mawe lenye zaidi ya miaka mia nane. Anachimba makaburi, anapiga kengele, anapaka kuta, mwaka wa thelathini na moja sasa. Jicho lake la kushoto halioni vizuri. Chokaa ililirukia zamani.

Wiki iliyopita baraza la kanisa lilipiga kura: chokaa basi, ukuta upakwe rangi ya plastiki. Mafundi wanakuja Jumatatu.

"Hawakuniuliza," ananiambia mimi niliyesimama chini ya jukwaa. "Wao ukuta wanaujua kwa kuupita tu, wakienda kubatiza watoto."

Saa mbili anafika Preben Højlund, mwenyekiti wa baraza, kwa baiskeli.

"Tove, shuka. Kura ilipita."

"Ilipita huko huko. Huku juu haijafika."

"Unatafuta kufukuzwa, mama wewe."

Anashuka, lakini si kwa kutii. Anamvuta mpaka kwenye kibaraza cha mlangoni, kilichopakwa rangi hiyo hiyo ya plastiki miaka minne iliyopita. Ukuta umevimba. Tove anauchoma kwa kisu, na maji yanatiririka hadi kwenye viatu vya mwenyekiti.

"Ukuta huu unapumua," anasema. "Mkiuziba, maji yanabaki ndani. Baridi ikija yanaganda, ukuta unapasuka. Halafu mje kunililia mimi?"

Preben anageuka kuutazama ukuta wa kusini. Ndipo anapong'amua.

"Rangi yao haitashika juu ya chokaa mbichi."

"Haishiki. Na kufikia Jumatatu nitakuwa nimepaka mikono minne, tabaka juu ya tabaka."

Mwenyekiti anasema ataitisha kikao, kisha anaondoka na viatu vyake vilivyolowa. Mimi nimekulia parokia hii, na sifichi: nilicheka.

Mkataba wa Tove unaisha mwakani. Nyuma ya kanisa ananifunulia shimo lenye kifuniko cha mbao. Ndani kuna chokaa aliyoizima mwenyewe kwa maji mwezi uliopita. Itaiva baada ya miaka mitano.

Namwambia wakati huo hatakuwepo.

"Mimi niende, chokaa haiendi. Atakayekuja ataikuta tayari," anasema, na kurudi kwenye ngazi. "Sasa nipishe, mawingu yanaanza kukatika."