Pijo ya Baba Iliyobaki Malaba

Mwaka wa tisini na tano niliondoka Nairobi kwa sababu Baba alikuwa anakufa, na kitu kimoja tu alikitaka: kukaa tena kwenye usukani wa Pijo nyeupe, gari aliyoiendesha Jinja, Uganda, miaka mingi, akiwa dereva wa mzee mmoja mwenye duka. Mzee alishafariki. Mjane wake, Mama Namukasa, akatuandikia: gari iko nyuma ya nyumba, njooni mchukue, ni ya Wafula. Wafula ndiye Baba.

Jumatatu asubuhi nilipita Kibera, Soweto West, kumuaga. Alikuwa kitandani, upande mmoja umepooza.

"Gia ya pili usiilazimishe," akaniambia. "Inataka kubembelezwa."

Kule gereji Kawangware, ninakofanya kazi ya bodi, kunyoosha mabati na kupaka magari rangi, wenzangu walishanipa jina la waagizaji wa magari. "Niaje Importa! Ukirudi utatusalimia, ama utatupigia tu honi?"

Jinja nilifika Jumanne. Mama Namukasa alinilisha matoke, akanitazama sana. "Wewe ni Wafula mpaka meno," akasema.

Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Injini, ambayo mzee aliibadilisha zamani, iliwaka kwa betri ya kuazima. Lakini bodi! Kutu imeila kama mchwa. Nikajiambia, Baba hawezi kuiona hivi. Nikaazima mashine ya kuchomelea kwa fundi jirani. Siku tatu nilikata mabati yaliyooza, nikachomea mapya, nikapiga msasa, nikapuliza rangi. Hata chini ya boneti, ambako hakuna mtu huangalia, nilitoa kibati kibovu nikaweka kizuri. Nilikuwa naimba. Vipande vya zamani mnunuzi wa vyuma chakavu alivifunga kwenye baiskeli akaenda navyo.

Mpakani Malaba, Jumamosi saa nne asubuhi. Upande wa Kenya, afisa wa forodha alifungua boneti, kitabu cha usajili wa gari mkononi.

"Kijana, namba ya chasisi iko wapi?"

Niliinama kumwonyesha. Pale ilipochongwa palikuwa na rangi nyeupe tu, safi kama sahani.

"Nani alikata hapa?"

"Ni mimi, mkubwa. Kulikuwa na kutu."

"Na injini nayo si ya hiki kitabu. Wezi wa magari hufanya hivi hivi. Kata, chomea, paka rangi."

"Lakini ni ya Baba. Ananingoja."

Aliniangalia kwa huruma, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. "Kazi umefanya safi, kijana. Lakini hii haiingii. Leta ufunguo."

Nikarudi Jinja kutafuta kile kibati chenye namba. Mnunuzi akasema kilishapelekwa kuyeyushwa. Mama Namukasa alikaa chini tukalia pamoja.

Jumatano nilikuwa Kibera. Nilimweleza Baba yote, hata rangi.

"Hiyo kutu ilikuwa inakusumbua wewe," akasema. "Mimi ningekaa tu humo."

Akageukia ukuta.

Wiki mbili baadaye tulimpeleka nyumbani Bungoma kumzika, nyuma ya pikapu ya kukodi.

Nilichojifunza ni kidogo, na kilikuja kimechelewa: mtu akikuomba kitu, muulize anakitaka vipi. Sikumuuliza. Siku hizi nikiletewa gari, naanza kwa kutafuta namba ya chasisi. Nikishaiona, nasimama hapo na msasa mkononi, na wenzangu wanajua wasiniongeleshe.