Ekipe Inavuka Kesho

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na sijawahi kuisimulia mbele ya vijana kwa sababu haina sifa kwangu. Jana wewe na wenzako mliniuliza kama timu yetu iombe kuingia ligi ya Kigoma, nikajifanya sikusikia. Nilisikia vizuri sana. Masikio yangu hayajazeeka kama mnavyodhani, ila swali lenyewe liliniamshia jambo, nikashindwa kumeza chakula changu. Kaa sasa nikwambie, na hiyo simu uizime kwanza, maana siwezi kusema neno zito huku mtu anapapasa kioo.

Wakati wa vita vya pili vya hapa kwetu nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nahodha wa timu hii hii ya Baraka, mwenye miguu mizuri na kichwa kigumu. Kabla ya vita tulikuwa na ligi yetu. Timu ya Kilembwe, kule milimani, ilishuka kwa miguu, wakafika wanachechemea na bado wakatufunga. Wa Kazimia, kusini yetu, walikuja kwa boti, na kelele zao zilitangulia nusu saa kabla ya wao wenyewe. Kisha barabara ya juu ikafungwa na wenye bunduki, boti za kusini zikawa zinaporwa, na kila timu ikabaki kwao. Tukawa tunacheza sisi kwa sisi, kikosi cha kwanza na cha pili, kila siku saa kumi, mpaka nikawa najua kikohozi cha kila beki. Nilijiona naoza nikiwa bado kijana.

Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Vijana wasio na shughuli walikuwa wanachukuliwa. Wengine walikamatwa njiani, wengine walikwenda wenyewe wakapewa bunduki, na mawinga wetu wawili walitupotea hivyo. Kwa hiyo habari ilipokuja kutoka ng'ambo ya ziwa kwamba ligi ya Kigoma ingetupokea, mradi tukae huko msimu mzima, niliona mlango umefunguka. Mpaka leo nasema sababu yangu ilikuwa nzuri. Nakwambia hivyo usije ukadhani mtu hukosea pale tu anapotaka kibaya.

Kocha wetu alikuwa Mwalimu Wilondja. Asubuhi alifundisha darasa la tano, jioni alitufundisha sisi, kwa ukali uleule. Nilipompelekea habari hiyo aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imeshafungwa.

"Ekipe yote ikienda Kigoma," akasema, "hapa kutabakia nini?"

"Mwalimu, hapa kunabakia batu bote. Siye ni bachezaji tu."

"We haujue kitu, Alimasi. Bamama bakienda ku soko, banapita kwanza ku tere. Bakiona muko nakimbia, banasema, leo iko salama. Siku bakikuta hakuna mutu, banarudia ku nyumba kufunga mizigo."

Ekipe ndiyo timu, na tere ndiyo kiwanja, kama tulivyokuwa tukiviita. Na alisema kweli. Siku zile hakukuwa na serikali ya kutuambia lolote, redio zilisema habari za mbali, na kila mtu aliyekuja na uvumi alikuwa na uvumi wake. Watu wa Baraka walitazama kiwanja. Ikifika saa kumi tukawa pale, akina mama waliwasha jiko. Nilijua hivyo tangu zamani, na kwa ujinga wa ujana nililiona ni jambo la kuchekesha.

Mwalimu hakutukatalia. Alisema miguu ni yetu na uhai ni wetu. Lakini aliweka masharti mawili. Kwanza, kikosi cha pili kibaki na kiendelee na mazoezi saa kumi kila siku, asiwepo mtu wa kusema kiwanja ni kitupu. Pili, kila mchezaji aingie nyumba kwa nyumba katika mtaa wake, aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba tunakwenda kucheza mpira na tutarudi. Mimi nahodha niwaongoze. Nikasema ndiyo, Mwalimu.

Sikutimiza hata moja. Wale wa kikosi cha pili walinililia wasiachwe, na mimi nilipenda kuonekana mkubwa mwenye watu wengi nyuma yangu, nikawaambia pandeni wote. Kuhusu nyumba, nilijidanganya kwamba muda hautoshi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa nyumba moja, na ilikuwa ya kwetu.

Mama yangu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye shamba la mihogo nje ya mji na ulimi usiobembeleza mtu. Vita vya kwanza majirani wote walikimbilia ng'ambo, yeye akabaki. Alisema hawezi kwenda kufia kwa watu. Mimi ndiye mtoto wake wa mwisho, na wa pekee aliyekuwa bado nyumbani. Nilijua nikimwambia nakwenda msimu mzima hatanizuia, atanitazama tu, na mtazamo ule nisingeuweza. Basi nikakwepa. Jumatano nikalala kwa kipa wetu, Ramazani, na kwa watu wote wa Baraka, mama yangu akiwa mmoja wao, nikaandika karatasi mbili zinazofanana. Moja nikaipeleka kanisani isomwe katika ibada ya akina mama jioni ile, nyingine nikampa Ramazani aipeleke msikitini. Niliandika hivi: Ekipe inavuka kesho. Mutuombee.

Mwanangu, wewe umezaliwa baada ya mambo yale, hulisikii neno hilo kama sisi. Mtu anaweza kuvuka barabara, anaweza kuvuka mto. Lakini kwetu, tangu vita vya kwanza, ukisema fulani amevuka, hakuna aliyeuliza amevuka nini. Maana yake amekimbia vita, yuko kambini ng'ambo ya ziwa. Na mimi niliyekuwa nimelisikia neno hilo likisemwa kwa kilio miaka miwili mfululizo, nililiandika kwa haraka, nikaongeza na kuomba dua.

Alhamisi asubuhi tuliondoka tukiimba. Siku ya pili tukawa Kigoma, wakatupokea vizuri, hilo nisiwanyime. Jumamosi adhuhuri tulikuwa ufukweni tunafua jezi tulipoona boti inakuja, imejaa mpaka maji yanachungulia ndani. Watu walianza kushuka na magodoro, sufuria, kuku waliofungwa miguu. Nikamtambua mmoja, kisha mwingine. Walikuwa watu wa Baraka. Mama yake Ramazani alishuka na furushi kichwani, tukamkimbilia.

"Mama, vita imefika?" nikamuuliza.

"Mi ndiye nakuulize. Si ninyi mulisema munavuka? Barua ilisomwa musikitini, ikasomwa na kanisani kwenu. Tukaenda ku tere saa kumi, hakuna hata mutu moja. Tukasema, bavijana bamesha kuona kitu, beko natuficha."

"Tulikuja kucheza mupira, mama."

Alilitua furushi lake, akakaa juu yake. "Mupira," akarudia, kama mtu anayejifunza neno geni.

Nikamuuliza habari za mama yangu. Akasema alimwona Ijumaa, yuko kwenye boti ya pili. "Watu bengine balikuwa beko nabisha. Yeye akabaambia: mutoto yangu hawezi kuvuka bure. Kama Alimasi anavuka bila kuniaga, ni kusema kifo iko karibu sana."

Tukaisubiri boti ya pili. Jumamosi ikapita. Jumapili tulikuwa na mechi ya kwanza, na nilicheza. Nilijiambia boti imepigwa na upepo ikarudi rasi ya Ubwari, upande wetu wa ziwa, imepumzika huko, kesho itafika. Nilifunga goli, tena zuri, na watu wa Kigoma walinipigia makofi. Wazee wachache bado hulisifu nikiwa nimekaa nao, na mimi huinuka nikaondoka. Wanadhani nina majivuno. Jumanne wavuvi wakaleta habari kwamba wameokota magodoro karibu na rasi ya Ubwari, na viatu, na galoni tupu. Mtu hawakumwona hata mmoja.

Vita havikufika Baraka wiki ile, wala mwezi ule. Vilikuja baadaye, kwa njia yake. Kama mama angebaki na mihogo yake angekuwa salama, angalau siku zile, na hilo ndilo ninalolala nalo.

Timu ilisambaratika. Baadhi walibaki Kigoma wakacheza kwa majina ya timu za huko, wengine wakaenda kambini kutafuta ndugu zao. Mimi nilirudi peke yangu na boti ya wachuuzi wa samaki. Nilimkuta Mwalimu kiwanjani, saa kumi, na wazee watano wenye vitambi na wasichana wa darasa lake, wanafukuza mpira. Alikuwa ameanza hivyo tangu Ijumaa ile, alipoona mji unafunga mizigo. Alizunguka kuwaomba watu waje wacheze, mtu yeyote mwenye miguu. Kuna familia nyingi zilimwona zikafungua mizigo yao. Lakini zile boti mbili zilikuwa zimeshang'oa nanga.

Aliwaacha wenzake, akanijia. Nilitaka anitukane. Ningeona nafuu kidogo.

"Nilikuambia uingie katika kila nyumba," akasema. "Uliingia ngapi?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Hata ya kwenu?"

"Hata ya kwetu."

 Akasema, "Mi sikukataza kwenda. Utaanza leo. Kila nyumba yenye ilipoteza mutu, uingie, ubaambie kweli. Kwamba hakukuwa vita. Kwamba mulienda kucheza."

Zilikuwa nyumba tisa, na yetu ya kumi, ambayo haikuwa na mtu wa kuambiwa. Nilizipita kwa siku tatu. Katika moja walinifukuza, na haki yao. Katika nyingine baba mmoja, ambaye mke wake na binti zake walikuwa kwenye boti ile, alinisikiliza mpaka mwisho, akanivutia kiti, akasema kaa, umechoka. Nilikaa nikalia mbele yake kama mtoto, na yeye akanisubiri nimalize. Yule aliyenifukuza nimemsahau sura. Huyu wa kiti nilimkumbuka mpaka tukamzika.

Sasa swali lenu. Wapo wazee wenzangu watakaokwambia timu ya Baraka kucheza ligi ya nchi ya jirani ni kuwauza wazee wenu, na ni aibu. Siko nao. Kijana anahitaji mpinzani wa kupimana naye, na kama barabara za kwetu zimefungwa, ziwa liko wazi. Ukiniuliza kama muende, nasema nendeni. Mguu wa mchezaji una miaka michache tu, na hakuna atakayekulipa miaka uliyokaa ukisubiri amani.

Lakini timu si ya wachezaji peke yao, hata kama wao ndio wanaotoka jasho. Kuna watu wanaoishi kwa kuwatazama nanyi hamjui. Kwa hiyo usiondoke na wote, acha wa kucheza hapa, hata wawe wazito na wabovu wa pasi. Usiwatumie watu karatasi, wala huo ujumbe wa simu mnaouandika bila hata irabu. Nenda kwa miguu yako, ingia, kaa, sema unakwenda wapi, kufanya nini, na utarudi lini. Tumia neno ambalo bibi yako atalielewa jinsi ulivyokusudia, na kama huna hakika amelielewa, rudia. Na ile nyumba unayoiogopa kuliko zote, ile ambayo unatafuta sababu ya kuipita, anza nayo. Mimi niliiacha ya mwisho, nikaikuta imefungwa kwa nje.

Nenda sasa, giza lisikukute njiani. Mungu awatulizie ziwa mkiwa juu yake, awape wapinzani wakali na mwamuzi wa haki. Awalinde miguu, na mioyo zaidi ya miguu. Na siku mtakaporudi, awakutanishe hai na kila mtu mliyemuaga.