Umeme Usio na Kelele

Kwenye kiwanda cha kushona sare wanamwita Mzee wa Jenereta, na mwenyewe anaitikia. Miaka yote, umeme ulipokatika, alikuwa anasimama taratibu, anainua mkono kama anayesimamisha magari, anasema, "Tulieni, akina mama." Kisha anatoka nyuma, anavuta kamba, anatukana kidogo, anarudi akijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Tangu mafuta yaadimike nchi nzima na tajiri mwenye kiwanda aweke sola na betri, tangi la jenereta limekauka. Yeye bado anakuja mapema, analipangusa vumbi, analifunika turubai. Sola hana imani nayo. "Umeme usio na kelele," humwambia msimamizi, mama anayeshinda na pini mdomoni, "utajuaje kama upo?"

Juzi mchana mashine ya kusaga ya jirani ilinyamaza ghafla. Ndani cherehani zilikuwa zinakimbia kama kawaida, hakuna aliyegundua kuwa umeme wa mtaani umekatika ila yeye. Akasimama. Akainua mkono. "Tulieni, akina mama."

Msimamizi aliitazama taa iliyokuwa ikiwaka juu ya kichwa chake, akamtazama mzee, kisha akaondoa mguu kwenye pedali. Wenzake nao wakaondoa. Kukawa kimya. Mzee akatoka nyuma. Hakuna kilichonguruma. Akarudi akijifuta mikono.

"Haya, endeleeni."

Msimamizi akatoa pini mdomoni. "Ahsante," akasema, huku akikanyaga pedali. "Leo umewahi kweli, mzee."