Siku Jirani Alipopima Alternateri

Mwezi uliopita, kule Ruashi mjini kwetu, taa nyekundu ya batri iliwaka kwenye gari langu. Fundi kijana akafungua kapoti, akataka kung'oa waya wa batri wakati motere, yaani injini, inanguruma, eti aone kama alternateri inachaji. Nilipiga kelele: "Hapana! Utaiunguza!" Akashangaa mama mzima kama mimi nimejulia wapi. Nilijulia kwa jirani yetu, rafiki yangu, utotoni, mwaka ule mji ulipowageuka watu wa Kasai na kuwafukuza.

Jirani alikuwa fundi wa umeme wa magari, mtu wa Kasai, mkoa jirani. Baba alimwita yaya, kaka mkubwa. Mke wake akipika sombe, kile kisamvu chake, watoto wa mutaa mzima tulijikuta uwanjani kwake. Kisha vijana wakaanza kupita mchana kweupe, wakiweka alama za chokaa kwenye milango ya watu wa Kasai. Mlango wake ulipowekwa alama, baba aliahidi kuwafikisha Kasumbalesa, wavuke kwenda Zambia. Lakini pikapu yetu haikuchaji. Kuzimikiwa gari njiani, mbele ya vizuizi vya wale vijana, kulikuwa kufa.

Asubuhi hiyo mke wake alifunga masufuria katika kitenge. Jirani akainama kwenye motere ya pikapu yetu, akanipa kipimo cha umeme nishike.

"Soma namba, mutoto."

"Kumi na mbili, papa," nikamjibu.

"Motere inazunguka, ingefika kumi na ine. Haichaji."

Akaminya mkanda, ulikuwa umekaza. Akasugua vichwa vya batri. Bado kumi na mbili. Akazima, akaifungua alternateri, akakuta charbon, vile vipande vya makaa vinavyopitisha umeme ndani, vimelika kabisa. Akaenda kwenye gari lake mwenyewe, la aina moja na letu, ambalo vijana walikuwa wamelivunja vioo na kulitoboa magurudumu, akatoa zake.

"Yaya, siku utarudia huku, gari yako itatembea na nini?" baba akauliza.

Akazitia kwenye alternateri yetu. Akafunga, akawasha.

"Soma tena."

"Kumi na ine!" Niliruka kwa furaha. Mke wake akaanza kulia. Ndipo nikaelewa nilichokuwa nashangilia.

Hakuna mtu wa mutaa aliyetoka kuwaaga. Mapazia tu ndiyo yaliyotikisika. Jioni baba alirudi peke yake. "Bamevuka," alisema, na hakugusa bukari, ugali wetu.

Wenzangu wa rika langu hupenda kusimulia mutaa wetu wa zamani, jinsi mtoto alivyokula nyumba yoyote. Ni kweli, tulikula. Wakifika hapo, mimi huona mapazia yale yakitikisika.