Bombomu Haikimbizani na Ng'ombe

Iko siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na wewe unayekwenda jeshini mwezi ujao nataka uisikie kutoka kwangu. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, Manyara haijawa mkoa. Ng'ombe walikuwa wanapakiwa malori kwenda kuuzwa mbali, wezi nao wakaacha mikuki wakashika bunduki. Tukapelekwa uwanda wa Hanang askari tisa, Koplo Bura akituongoza. Wenzangu walibeba SMG. Mimi nilibeba bombomu.

Sajini Akonaay, mtu wa Tlawi, alikuwa ametufundisha mpaka masikio yakachoka. "SMG ni ya mtu wa kwenda," alisema. "Nyepesi. Unakimbia nayo, unalala, unainuka. Bombomu ni nzito, ina miguu miwili na mkanda mrefu wa risasi. Hiyo inakaa! Inawainamisha adui vichwa, wenzako wasogee. Ikinyamaza, wenzako wako uchi."

Nilisikia. Lakini kwetu Bashay yowe la ng'ombe kuibwa likipigwa, kijana anayebaki nyuma hakaribishwi pombe na mtu. Hiyo ndiyo shule niliyoijua. Ya darasani niliishia la nne.

Wezi tuliwakuta korongoni. Nikalala kwenye kichuguu, nikapiga kidogo kidogo kama nilivyofundishwa, wenzangu wakaanza kuvuka mbuga tupu. Mbele kabisa Tluway, rafiki yangu wa Maretadu. Ndipo Bura akageuka akanicheka.

"Wewe, unaatamia mayai? Wanaume wako huku!"

Nikainuka, nikabeba lile dude nikakimbia. Bombomu ikanyamaza, na kule korongoni vichwa vikainuka. Tluway alianguka kabla hajapata pa kujificha. Mimi nilipigwa bega. Mkono huu mpaka leo haunyanyui debe la mahindi.

Sajini alinifuata hospitali.

"Shikamoo, mzee."

Akauliza, "Nani alikuambia uondoke?"

"Bura alinicheka."

"Kumbe kicheko ni amri?"

Bura akaandika kwenye ripoti kwamba bombomu ilikwama. Haikukwama! Bura alidanganya, na jina lake nitalitaja mpaka nife. Langu pia, maana nilinyamaza mwaka mzima kabla ya kwenda Maretadu kumwambia mama yake Tluway ukweli. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa kawaambie na wengine." Ndiyo kazi ninayoifanya hapa.

Basi shika hili, mwanangu. Ukipewa SMG, sogea mwenzako anapokufunika kwa risasi, wala usikatize mbele ya risasi zake. Ukipewa bombomu, kaa mpaka uambiwe hama na anayejua. Kukaa nako ni kupigana. Jembe halilionei wivu panga. Na wewe ukipewa cheo, usimcheke mtu aliye kazini kwake, maana kicheko chako kinaweza kumzika mtu wa tatu.

Nenda. Mungu akupe moyo wa kukaa siku utakayochekwa, na wale utakaowafunika warudi kwa mama zao wakitembea.