Bhargavi na Seli Zenye Hasira

Bhargavi Shenoy hana subira hata ya kungoja chai ipoe. Maabara nzima hapa Bengaluru tunalijua hilo. Ndiyo maana siku ya Ayudha Puja, sikukuu ya Kihindu, wenzake tukigawana peremende mlangoni, yeye alikuwa ameshamtoa panya mzee ubongo.

"Chinmayi, ubongo hausubiri!" akanifokea. "Washa beseni!"

"Washa mwenyewe, dada! Huoni limevaa maua?"

Beseni la maji ya moto lilikuwa na shada la maua na alama ya manjano. Siku hiyo vifaa vinabarikiwa na kupumzishwa. Nani angethubutu kuligusa? Na bila joto kimeng'enya cha kutenganisha seli hakifanyi kazi. Bhargavi akasonya, akafungua pakiti ya mchi mpya wa kioo ambao haukuwa umebarikiwa, akausaga ubongo taratibu juu ya barafu.

Makala yake ilikuwa tayari kutumwa: kwamba uzeeni, seli zinazolinda ubongo huwaka hasira hata pasipo ugonjwa. Shahada yake ya udaktari ilisimama juu ya dai hilo.

Sikukuu ilipokwisha tukazipima zile seli za barafu. Zimetulia tuli! Bhargavi hakuamini. Akachukua panya mzee mwingine, akaugawa ubongo: nusu kwenye beseni, nusu kwenye barafu. Za beseni zikawaka. Za barafu, kimya.

"Chinmayi! Njoo uone!" Sauti ilifika hadi kantini. "Hasira si ya uzee, ni sisi! Tunazipika, halafu tunashangaa zimenuna!"

Mwingine angelia. Yeye alicheka huku akinitikisa mabega, na mimi moyo ulinienda mbio kwa furaha, kana kwamba ugunduzi ni wangu.

Profesa Udupa, msimamizi wetu, aliyalinganisha majibu ya nusu zote mbili.

"Binti yangu, unajua shahada yako imeota mbawa?"

"Najua, Profesa. Lakini si umeona? Si umeona!"

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutenganisha seli bila beseni lile.

"Kila kitu kirudiwe kwa barafu," Bhargavi akasema, tayari anavaa glavu. "Nianze na utafiti wa nani?"

Profesa akavua saa, akakunja mikono ya shati.

"Anza na ule ulionipa uprofesa."