Waliopona Hawakurudi Kliniki

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hucheka peke yangu, hata nikiwa kanisani. Ni siku niliyosimama mbele ya wakubwa wangu na karatasi mkononi, msichana wa Kikuria mwenye viatu vipya, nikawaeleza kwamba upasuaji wa ngiri katika hospitali yetu ulikuwa unaharibu watu. Nilisema kwa sauti ya juu na kwa uhakika mkubwa. Nilikuwa nimekosea kabisa.

Nakuandikia haya kwa sababu ya simu yako ya juzi. Uliniambia umesoma utafiti mmoja kuhusu upasuaji, na tangu hapo unawaona walimu wako wote wa udaktari wamepitwa na wakati. Sikukujibu kwenye simu maana ningekucheka, nawe unajua kununa. Sasa tulia, shangazi yako akusimulie.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati gugumaji lilipoanza kufunika ziwa. Nilikuwa tabibu mpya, nimetoka chuoni juzijuzi, nikapangiwa hospitali ndogo ya misheni upande wa Homa Bay ambayo jina lake nitalihifadhi. Kwetu ni Migori, kule juu kwa Wakuria, kwa hiyo Kijaluo changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Na wagonjwa nilizungumza Kiswahili, nao wakanijibu kwa Kiswahili chao, tukaelewana vizuri. Wengi wao walikuwa wavuvi. Ukivuta nyavu na kusukuma maboti mazito hadi nchi kavu mwaka baada ya mwaka, tumbo huchoka mahali, na ngiri zilikuwa nyingi. Daktari wetu aliwapasua kwa sindano ya ganzi, mgonjwa yuko macho anapiga soga, na kesho yake anakwenda nyumbani. Baada ya miezi michache alitakiwa kurudi kliniki aangaliwe.

Siku moja daktari aliniomba nipitie madaftari ya nyuma nimwambie matokeo ya upasuaji huo yakoje. Alinipa mimi kwa sababu nilikuwa na mwandiko unaosomeka, lakini mimi nilielewa kwamba kipaji changu kimegunduliwa. Nikajifungia na madaftari wiki nzima. Nilichokiona kikanishtua. Karibu kila mgonjwa aliyerudi kliniki alikuwa na shida: kidonda kimetunga usaha, au ngiri imerudi, au maumivu hayaishi. Wale ambao hawakurudi sikuwa na la kuandika juu yao, basi nikawaacha. Nikachora jedwali kwa rula, nikapiga mistari ya wino mwekundu, na chini nikashauri kwamba hospitali iache upasuaji huo, wagonjwa wapelekwe hospitali kubwa mbali. Kamati ya hospitali ilisikiliza, ikatazamana, ikaamua kusimamisha kila kitu hadi mwisho wa mwezi iamue vizuri. Nilitoka pale kichwa kimevimba hata mlango ulikuwa mwembamba.

Nje kwenye benchi nikamkuta Okelo, mvuvi wa Sori, mtu wa miaka thelathini na kitu. Alikuwa amepangiwa kupasuliwa kesho yake. Nikamwambia imesimamishwa, aende hospitali kubwa. Alinitazama bila hasira.

"Daktari, mimi navuta nyavu," akasema. "Ikitoka, naisukuma ndani na mkono, navuta tena. Huko mbali nitaenda lini? Na watoto nitawaachia nani?"

Nilijua vizuri kinachotokea siku ngiri ikikataa kurudi ndani. Utumbo hunyongwa, na kama mtu yuko mbali na kisu, siku zake ni chache. Nikamwambia pole, nikamwandikia barua ya kwenda nayo. Aliikunja vizuri akaiweka mfukoni, akaondoka akitembea kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mayai. Niliumia, lakini nikajiambia karatasi imeshasema.

Mkuu wa chumba cha upasuaji alikuwa muuguzi mmoja, Sista Risper, Msabato, mama wa makamo mwenye kicheko kinachosikika hadi wodi ya wazazi. Jioni ile nilimkuta anakunja shashi. Aliomba kuiona karatasi yangu, akaisoma mara mbili, polepole, miwani imeshuka puani.

"Nyar Kuria," akasema, maana ndivyo alivyoniita, binti wa Wakuria, "hawa wengine wako wapi?"

"Hawakurudi."

"Kwa nini hawakurudi?"

"Sijui, Sista."

"Hujui, na umeandika." Akanirudishia karatasi. "Umeenda kwa laini ya wagonjwa, ukahesabu watu, ukashangaa kuona ni wagonjwa."

Mwanangu, uso ulinishuka hadi kwenye vile viatu vipya. Nilitamani agombe, lakini hakugomba, aliendelea kukunja shashi zake. Kisha akaniambia nijitayarishe, Jumapili tunakwenda visiwani kuwatafuta. Yeye Sabato yake ilikuwa imepita. Mimi Mkatoliki nikakosa misa, na sijawahi kuijutia dhambi hiyo kama inavyopasa.

Tuliondoka Mbita na boti ya injini. Gugumaji likatunasa njiani, vijana wakashuka kulikata kwa panga, tukafika kisiwa cha Takawiri jua limepanda. Mimi nilikuwa nimevaa koti langu jeupe. Nikasimama ufukweni, daftari kifuani, nikaanza kusoma majina kama mwalimu wa zamu.

"Wilson Okoth?"

Bwana mmoja mwenye gunia begani, ambaye ndiye aliyekuwa amenipa kigoda, akajibu kwa heshima: "Huyo alihama. Ako Uganda."

"Joseph Ouma?"

"Alienda Tanzania," akasema mwingine.

"Dickson?"

"Hata yeye, Uganda."

Nikaandika. Nilipomaliza ukurasa wa kwanza, nusu ya wanaume wa kisiwa walikuwa wamehamia nchi za nje, nami nikawa nafikiri upasuaji wetu umewafukuza hata makwao. Sista Risper aliniacha nimalize. Ndipo akanivuta pembeni, machozi ya kicheko yanamtoka, akanieleza. Pale ufukweni, mtu wa daftari anayesoma majina ya wanaume ni mtu wa idara ya uvuvi anayesaka nyavu za matundu madogo zilizokatazwa. Tena hayo majina ya kanisani ni ya kupewa karani dirishani. Nyumbani mtu ni baba wa fulani, au ana jina la utani alilopewa na wenzake wa boti. Akaniambia nivue koti.

Kisha akaketi chini mchangani na wanawake waliokuwa wanageuza omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu, akaanza kugeuza nao. Alizungumza Kijaluo, nami nikamwomba mmoja anitafsirie. Alikuwa anawauliza tu: waume zenu waliopasuliwa tumbo la chini kwetu, wako wazima au bado mnawauguza? Kicheko kilichotoka pale kiliwafukuza ndege kwenye omena. Mama mmoja akainua mkono uliojaa magamba, akanionyesha yule bwana wa gunia.

"Si huyo ndio Wilson yako?" akasema. "Huyo hajaenda hata Kisumu."

Yule bwana akatua gunia, akacheka hadi akashika magoti. Alikuwa mzima wa afya. Akataka kunionyesha kovu palepale, mkewe akamkemea: "Onyesha yeye ndani ya nyumba, sio hapa mbele ya watu." Nikamwangalia ndani, mlango umefungwa. Kovu lilikuwa jembamba, nikamwambia akohoe, akakohoa kwa nguvu zote, hapakusogea kitu. Nilimuuliza kwa nini hakurudi kliniki kama alivyoambiwa.

"Nilipona," akasema, akinishangaa. "Sasa nikuje kufanya nini? Nikae kwa laini nikiwa mzima, niibie mgonjwa nafasi?"

Furaha niliyoipata siku ile, mwanangu, sijaipata tena hata siku ya harusi yangu, na mjomba wako asisikie. Kila nyumba tuliyoingia kulikuwa na mtu mzima. Mmoja alibeba injini ya boti peke yake ili nimwamini. Mwingine alituambia mkewe amejifungua mwana ambaye asingepatikana kama yeye angebaki vile alivyokuwa, na mkewe akamrushia kijiko. Tulilishwa sangara hadi Sista Risper akalegeza mkanda. Siku ya pili tukavuka hadi Mfangano, na huko pia daftari langu likazidi kujaa waliopona.

Ila huko Mfangano tulimkuta mzee mmoja mshona nyavu, ameketi upande upande. Ngiri yake ilikuwa imerudi. Hakuja kliniki kwa sababu alikuwa amejigamba ufukweni kote kwamba amepona, sasa aliona haya. Tulimpa tarehe ya kuja, tukamtuliza. Tukiwa njiani nikamwambia Sista kwamba huyu ni mmoja tu, tena ameomba tumfichie aibu, labda tusimweke kwenye hesabu.

Alisimama katikati ya njia. "Ulianza na kuacha wazima. Sasa unataka umalize na kuacha wagonjwa? Jina lake ficha. Yeye mwenyewe mwandike."

Nikamwandika. Na wale watatu ambao hatukuwapata popote tukawaandika hivyo hivyo, kwamba hatukuwapata, bila kusema wamepona wala hawakupona.

Tuliporudi nilitaka kukimbilia kamati mara moja, lakini Sista Risper alikuwa na swali lingine. Huko hospitali kubwa ninakotaka watu wapelekwe, wao vidonda vyao vinatunga usaha kiasi gani? Sikujua hilo pia. Tukaandika barua kwa hospitali tatu, nazo kwa wema wao zikatutumia hesabu zao. Mimi kwa furaha nikaanza kujumlisha tu. Kumbe hazijumlishwi hivyo. Hospitali moja iliandika usaha hata kidonda kikiwa na unyevu kidogo, nyingine iliandika pale tu kilipofunguliwa upya. Moja iliwafuata wagonjwa mwaka mzima, nyingine wiki mbili tu. Moja ilikuwa na wagonjwa wachache mno, wote wazima, nami nikatamani sauti yake iwe sawa na ya zile zilizopasua mamia. Tulikaa siku kadhaa tukizipanga, kila moja na uzito wake, zinazofanana pamoja na zisizofanana kando. Siku hizi wataalamu wana njia na mashine za kazi hiyo. Sisi tulikuwa na meza ya kulia chakula na chai ya rangi. Lakini zilipokwisha kupangwa, zilisema jambo ambalo hakuna daftari moja lililoweza kulisema peke yake: wagonjwa wetu hawakuwa wakiumia zaidi kuliko wa kwingine.

Mwisho wa mwezi nikasimama tena mbele ya kamati. Nilisema nilikosea, nikaeleza nilivyokosea. Daktari alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Alhamisi tunaanza," akaomba chai. Siku ileile nilituma ujumbe Sori kwa akina mama wanaoanika omena huko, nikiomba Mungu ngiri ya Okelo iwe bado inakubali kurudi ndani. Siku tatu za kungoja Alhamisi sikulala vizuri. Alhamisi asubuhi nikamwona anaingia getini, anatembea vilevile kwa uangalifu, barua yangu bado imo mfukoni, hajaenda popote nayo. Nilimkimbilia kama ndugu yangu. Alipasuliwa akiwa macho, akamsimulia daktari habari za sangara aliyevunja kasia, na kesho yake akaenda nyumbani.

Miezi ya kurudi kliniki ilipofika, Okelo hakurudi. Safari hii nilijua la kufanya. Nikaenda Sori mwenyewe, bila koti, kikapu mkononi, nikawauliza wanawake. Walinionyesha ufukweni, nikamkuta kwenye kamba na wenzake, mgongo umenyooka, anavuta nyavu na kuimba. Nikasimama mbele yake nikitabasamu. Alinitazama, akatazama kikapu changu.

"Mama, unataka samaki ya kilo ngapi?" akauliza.

Hakunikumbuka hata kidogo. Nikanunua samaki, nikaenda zangu nikilia kwa furaha.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Utafiti ulioniambia juu yake usiutupe, lakini kabla hujawashushia walimu wako heshima, tafuta ndani yake wale ambao hawapo. Waliingia wangapi, wakaonekana wangapi mwishoni, na waliopotea walipotelea wapi. Uliza walifuatwa kwa muda gani, na walilinganishwa na nani. Kisha tafuta tafiti nyingine za jambo lilelile, uzisome pamoja kwa subira, kubwa uzipe uzito wake na ndogo uzito wake, na usilazimishe zisizofanana zikae kiti kimoja. Ukikuta matokeo yanakupendeza sana, hapo ndipo uangalie tena kama kuna mzee mshona nyavu umemwacha nje kwa sababu anakuharibia hesabu. Na ukigundua umekosea, simama useme mbele ya walewale uliowadanganya, usingoje mtu mwingine aje akusemee. Kumbuka pia kwamba wakati wewe unaandika, kuna mtu ameketi kwenye benchi nje anangoja karatasi yako imwambie kama atapona.

Mungu akupe mikono myepesi na macho ya kuona mbali. Akujalie wagonjwa wengi watakaokusahau, wanaokupita sokoni bila salamu kwa sababu wana kazi zao na nguvu zao. Na yule mmoja ambaye hakupona mikononi mwako, Mungu akujalie wewe usimsahau.